Nundu Upande wa Kushoto

Mume wangu alipostaafu polisi, wenzake walidhani atafuga kuku, kwa sababu wengi wao hufuga kuku. Yeye alikuja dukani kwangu mchana wa siku ya kazi, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaniambia anataka kutengeneza gari la mashindano la Kiingereza, la zamani, lile la viti viwili lisilo na paa, na kwamba halitakuwa na hata nati moja iliyowahi kutumika. Nilikuwa napanga beringi kwenye rafu. Nikamuuliza kama amekunywa chai.

Mimi nauza spea. Duka nimelirithi kwa baba yangu, na liko katikati ya Kampala, kwenye jengo ambalo kila mlango ni spea, mpaka mama wa chai amezoea kutuuliza tunataka kikombe cha mbele au cha nyuma, kama spea. Ninachouza ni kopi: vitu vipya ndani ya boksi jipya, vilivyotengenezwa na watu wengine kabisa, siyo wale waliotengeneza gari lenyewe. Kuna wateja wanaolitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kama wanaoulizia dawa ya ugonjwa wa aibu. Mimi sina aibu nalo. Brekipedi ya kopi inasimamisha gari, na gari likishasimama hakuna anayeuliza zaidi.

Gari alilolitaka aliliona utotoni. Baba yake alikuwa askari, kama baba wa wengi wetu Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan, na waliishi kambini. Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha mbao alikuwa akilipitisha mbele ya geti la kambi kila Jumapili. Lilikuwa la kijani kilichokolea, boneti ndefu, kioo cha mbele kidogo kisichozuia hata mbu, na nyuma ya kichwa cha dereva kulikuwa na nundu, imeinuka kama ya ng'ombe kisha ikateremka taratibu mpaka mkiani. Baadaye Wahindi walifukuzwa nchini wakaondoka, na gari nalo likaondoka kwa njia yake. Wengine walisema kapteni fulani alilichukua, wengine walisema liliishia mtoni. Mume wangu hakuwahi kulitafuta.

"La mtu silitaki," alisema.

Hapo ndipo nilipomwelewa kidogo. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika gereji ya polisi, akitengeneza na kuendesha magari yaliyokwisha kuendeshwa na kila mtu. Na nje ya kazi ni hivyo hivyo. Kampala nzima inatembelea magari ambayo Wajapani wameshachoka nayo. Unanunua gari unaloliita jipya, unaingiza mkono kwenye mfuko wa kiti, unatoa risiti ya mtu usiyemjua na kitana chake. Yeye alitaka, mara moja tu, kitu kisicho na mtu kabla yake.

"Hajji," nikamwambia, "mimi mwenyewe ulinikuta nimetumika." Alinioa nikiwa mjane.

"Wewe ni orijino," akasema. "Orijino hata ikitumika ni orijino."

Namwita Hajji ingawa Makka hajafika. Kwetu mtu akizeeka na kanzu yake iko safi, anapewa tu.

Fremu ilichomelewa uani kwetu, nyuma ya Chuo cha Kyambogo, kwa paipu za mraba ambazo watu hutengenezea mageti. Njia ya wanafunzi wa chuo inapita hapo, na kwa muda mrefu waliamini tunatengeneza geti, tena baya. Kisha yakaja magurudumu na beringi zake, mikono ya mbele, shokapu, springi, na injini mpya iliyokuja kwenye sanduku la mbao, kopi ya Kichina ya injini ya Kijapani ya pikapu, imepakwa grisi mwili mzima. Wanafunzi walianza kusimama. Mmoja wa uhandisi aliuliza michoro iko wapi. Hajji alimwonyesha kichwa chake mwenyewe kwa kidole, na yule mwanafunzi akacheka, akadhani ni mzaha.

Sheria yake ya kutotumia kitu kilichotumika aliifuata bila huruma. Mimi niliingia soko la mitumba la Owino nikapata jaketi za ngozi, mivumba ya Ulaya, ngozi laini ambayo ingetoa viti viwili na ikabaki. Nilizileta nikijiona mjanja. Alizinusa.

"Hii ilikwenda dansi," akasema, akanirudishia. Viti vikashonwa kwa reksini mpya inayonuka plastiki mpaka leo. Jaketi moja naivaa mimi.

Sasa niseme habari ya macho, kwa sababu bila hiyo gari hili lingekuwa gari tu.

Alianza kunipa maboksi nimsomee. "Nisomee namba hii," alikuwa akisema, miwani yangu iko kule ndani, na kumbe iko juu ya paji la uso wake. Nilisoma. Namba nyingi nazijua kwa kichwa, kwa hiyo haikunisumbua. Kisha akakwaruza gari letu la mizigo kwenye nguzo ya geti, upande wa kushoto, geti ambalo ameingilia tangu tuoane. Kisha akaanza kusema mgongo unamuuma akikaa kwenye usukani, basi niendeshe mimi, na mgongo huo huo ulikuwa ukishinda chini ya fremu asubuhi mpaka adhuhuri. Chini ya fremu hakuhitaji macho. Vidole vyake vilijua nati kwa ukubwa wake, na alikuwa hakosei.

Siku moja nilikuwa natafuta washa za nati kwenye makopo yake nikakuta kichupa cha dawa ya macho, kifuniko cha njano. Mama yangu alikuwa na kichupa kama hicho. Ni presha ya macho. Mama alianza kuona kwa kuchungulia, kama anayetazama ndani ya paipu, kisha paipu ikazidi kuwa nyembamba, kisha ikaziba. Nilikirudisha kichupa mahali pake, nikaweka washa juu yake.

Sikumwambia. Mtu asiye wa kwetu ataona ni ujinga, na binti yetu, ambaye ni wa kwetu lakini anaishi Mbarara na ana haraka, aliona hivyo pia. Lakini ndivyo tulivyolelewa: jambo mtu alilolificha halisemwi mpaka mwenyewe alilete. Hasa mwanamume, hasa la mwili. Utamwona mtu anakonda, utampikia supu, utamsifu kanzu inavyomkaa, hutamuuliza. Nimezika wajomba ambao ugonjwa wao niliujua kaburini. Sisemi ni desturi nzuri. Nasema ndiyo niliyonayo.

Tabu ilikuwa moja. Hajji alimwambia kila mtu kwamba siku ya kwanza gari likitoka, ataliendesha mwenyewe kwa barabara ya Jinja mpaka mji wa Mukono na kurudi. Alimwambia imamu. Aliwaambia majirani na wanafunzi. Aliwaambia wastaafu wenzake wa kuku, ambao walitaka kujua saa ili waje.

"Mama, mwambie," binti alisema kwenye simu. "Barabara ile ina watu. Ataua mtu."

"Nitaona."

"Wewe utaona. Yeye je?"

Nilimkatia simu, maana alikuwa amesema kweli. Niliogopa. Niliogopa mwanamke fulani wa Banda, hapo njiani, anayevuka barabara na beseni la nyanya kichwani, ambaye simjui, na niliogopa uso wa mume wangu siku nitakapomwambia ashuke. Nilijua ikibidi nitachukua ufunguo. Nilijua pia nikiuchukua nitakuwa nimeyasema yote mbele ya watu, na hilo asingenisamehe. Hivyo nikaendelea kuuza spea, na gari likaendelea kukua uani.

Bodi ilitengenezwa Kamwokya. Fundi wa faiba ni Mkongomani, mtu mpole wa kanisa, ametoka upande wa Bukavu na mke wake na cherehani yake. Anaziba matangi ya maji, anatengeneza viti vya mikahawa na vitelezeo vya watoto, na siku tulipokwenda alikuwa akimalizia kuku mkubwa kuliko mimi, wa kuweka juu ya paa la mkahawa. Hajji alimpenda pale pale. Walikaa chini ya yule kuku wakatazama picha za gari kwenye simu. Yaani fundi alitazama, Hajji alieleza. Alieleza kwa mikono: boneti inaanza hivi, inajaa hivi juu ya magurudumu, inabanwa kiunoni, halafu nyuma ya kichwa cha dereva, nundu. Aliichora nundu hewani zaidi ya mara moja. Fundi aliirudia kwa mikono yake, na Hajji akamshika mkono akamrekebisha mteremko.

Fundi akaja Kyambogo kupima fremu kwa kamba na mbao za plaiwudi. Usukani ulikuwa haujafungwa bado, tulikuwa tunasubiri mtambo wake kutoka Dubai. Fremu yenyewe ni sawa kushoto na kulia. Hakuna aliyesema dereva atakaa upande gani, na nadhani kama ningesimama pale na kusema, wote wawili wangenishangaa, kama ningesema paa la nyumba likae juu. Akaenda na vipimo vyake. Kwa muda mrefu tulisikia tu kwamba kalibu iko tayari, kwamba rezini imechelewa mpakani, kwamba mvua hairuhusu faiba kukauka.

Mtambo wa usukani ulifika, Hajji akaufunga. Upande wa kulia, mahali pake.

Bodi ililetwa kwa lori, imelazwa kwenye magodoro kama mgonjwa. Ilikuwa nyeupe, bado haijapakwa rangi. Wanafunzi walisaidia kuibeba. Iliposhushwa juu ya fremu kila tundu lilikuta skrubu yake, na watu wakapiga makofi, na mimi pia nilipiga, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri sana. Kisha makofi yakapungua. Usukani ulikuwa umechomoza kulia. Nundu ilikuwa kushoto.

Fundi alikuwa wa mwisho kuona. Alizunguka gari akitabasamu, akafika mlango wa kulia, akautazama usukani, akaitazama nundu, kisha akanijia mimi.

"Mama," alisema taratibu, "vola iko kule?"

"Usukani? Ndiyo, Fundi. Huku dereva anakaa kulia."

"Kwetu shofere anaikalaka ku kushoto."

Nilijua hilo. Yeye pia alijua kwamba huku ni kulia. Amekuwa Kampala miaka, amepanda teksi zetu, anakaa kiti cha nyuma na Biblia yake. Lakini hajawahi kuendesha gari maishani mwake, na mtu alipomwambia "nyuma ya kichwa cha dereva," mikono yake ilikwenda kule ambako dereva amekaa tangu yeye ni mtoto. Na nusu ya zile picha za kwenye simu zilikuwa za magari yaliyouzwa nchi kama yake. Mtu mwenye macho mazima angeliona jambo hilo Kamwokya, chini ya yule kuku. Sikulisema.

Hajji alikuwa ameanza kulikagua gari kwa njia yake ya siku hizo, kwa viganja. Alianza puani, akapanda boneti, akateremka kiunoni, akapita mlango wa kulia. Mkono ukaenda nyuma ya kiti cha kulia ukakuta bapa. Ukasimama. Ukarudi, ukapima tena. Kisha ukavuka kwenda upande wa pili, polepole, ukapanda ile nundu na kuteremka nayo hadi mkiani. Mimi nilijiandaa kwa kelele, maana huyu ni mtu aliyewahi kumrudishia seremala kabati zima kwa sababu bawaba moja ilikuwa na skrubu ya rangi nyingine.

"Papa, unisamehe," Fundi alisema. "Nitakata. Nitafanya ingine. Unipe tu mwezi."

Hajji alikuwa bado ameweka kiganja juu ya nundu.

"Iache," alisema.

"Papa?"

"Iache hivyo hivyo. Imekaa vizuri. Mteremko wake ndio huu."

Fundi alinitazama, akitaka nimfasirie, ingawa Kiswahili chake na chetu vinaelewana vizuri kabisa. Nilimwambia aje ale chakula.

Niliwaza mambo mawili jioni ile na sikujua lipi ni kweli. La kwanza, kwamba hakuweza kutofautisha tena kulia na kushoto na alikuwa anaficha. La pili, kwamba alikuwa ananiambia kitu. Nikampima. Nilimwekea chakula, nikasema watu watacheka, gari lenye nundu ya dereva nyuma ya abiria.

"Wacheke," akasema. "Wamecheka tangu likiwa geti."

"Na safari ya Mukono?"

"Iko pale pale."

Nikaona basi, ni lile la kwanza.

Rangi ilipakwa, kijani kilekile. Karatasi za usajili zilizunguka ofisi mpaka mkaguzi mmoja mzee, aliyewahi kufundishwa kazi na Hajji, akakubali kwamba gari lililotengenezwa uani nalo ni gari. Tukafunga namba. Jumapili ikatajwa. Binti alitaka kuja kutoka Mbarara, nikamkataza, kwa sababu angesema yote kwa sauti mbele ya wageni.

Asubuhi hiyo sikula. Nilikuwa nimeamua: akikaa kwenye usukani, nitasimama mbele ya gari na sitaondoka. Sikuwa nimeamua nitasema nini. Majirani walikuwa wameshakuja, wastaafu wa kuku walikuwa wameshakuja, na wanafunzi walikuwa juu ya ukuta na simu zao. Hajji alitoka ndani amevaa koti la suti na kofia ya kitambaa, ndevu amezichana. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Aliligusa gari kwenye taa ya nyuma, upande wa kulia, karibu kabisa na mlango wa dereva, na mimi nikateremka ngazi.

Mkono wake haukwenda mlangoni. Uliteleza nyuma, ukauzunguka mkia, ukafuata nundu mpaka ikaishia. Akaufungua mlango wa kushoto, akakaa, akaegemeza kichwa pale kilipotengenezewa nafasi. Kisha akanyoosha ufunguo juu, kuelekea mahali alipodhani niko. Alikosea kidogo tu.

"Endesha wewe," alisema kwa sauti ya kusikika. "Leo nataka kusikiliza injini. Dereva hasikii injini vizuri."

Ulikuwa uongo mzuri kiasi kwamba wastaafu wote walitikisa vichwa kwa heshima. Na kweli ukimtazama, na ile nundu ikipanda nyuma yake, ungedhani yeye ndiye mwenye kuendesha na mimi nimekalishwa upande wa pili kushika usukani wa bure. Nilishukuru Mungu, nikavaa jaketi yangu ya Owino, nikaingia.

Na hapo, kabla hatujatoka getini, shukrani ikaanza kuchacha. Maana nilielewa kwamba mambo yamekwisha. Amepata kiti chake na maneno yake ya kusema, mimi nimepata usukani, hakuna aliyeaibika, na sasa hatutalisema tena kamwe. Atapofuka kando yangu huku akisikiliza injini. Nitampikia supu na kumsifu kanzu. Niliona huzuni kubwa, na mwanafunzi mmoja alipiga picha yangu wakati huo huo; ninayo, nacheka ndani yake.

Gari lenyewe ni zuri na ni baya. Klachi ni nzito, upepo unakupiga kifuani, na kila mwenye bodaboda anataka kwenda sambamba nawe akikuuliza bei. Tuliingia barabara ya Jinja asubuhi watu wengi wakiwa bado kanisani. Hajji aliita gia kwa sikio. "Ya tatu," alisema, na mimi nilikuwa naishika ya tatu. "Plagi moja haichomi vizuri." Nilimwambia sisikii kitu. "Ndiyo maana nimekaa huku," akasema. Alikuwa na furaha, hilo niliseme. Muda mrefu sijamwona vile.

Trafiki alitusimamisha baada ya Kireka. Kijana mrefu, sare nyeupe imepigwa pasi. Nilisogea pembeni nikazima injini. Alikuja upande wa pembeni mwa barabara, yaani upande wa Hajji, akainama.

"Jambo mzee. Hii gari mulitoa wapi?"

"Jambo afande. Tuliitengeneza nyumbani."

Alilizunguka, akarudi pale pale.

"Sasa deleva ni nani? Mi naona hii kitu ya kichwa iko kwako, lakini sitiringi iko kwa nyabo huyu."

"Ni yeye," Hajji alisema.

Nikatoa paamiti, leseni yangu ya kuendesha. Aliisoma juu juu akairudisha. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kuzungumza, na gari lilimfurahisha.

"Lakini mzee," alisema akicheka, "gari muzuri namna hii, wewe unakaa tu? Unaachia bibi anakula raha peke yake?"

Nilisubiri. Alikuwa na kisingizio cha mgongo, alikuwa na cha injini, na nilijua angeweza kutunga jingine papo hapo. Nilikuwa najiuliza tu atachagua lipi.

"Mimi sioni, afande," alisema.

"Unasema nini, mzee?"

"Macho. La kushoto limekufa. La kulia limebaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Nilikuwa askari kama wewe, upande wa magari, dereva na fundi, miaka yangu yote. Sasa sioni. Wewe hapo nasikia sauti yako tu."

Yule kijana aliacha kucheka. Alisimama wima, akabana visigino, akapiga saluti, saluti kamili, pale kando ya barabara. Hajji alibaki ameelekeza uso mbele, mikono iko mapajani. Kijana akaishikilia ile saluti, akingoja irudishwe.

"Amekupigia saluti," nikasema.

Hajji akainua mkono akairudisha, sawasawa kabisa, ila aliielekeza kwenye mti uliokuwa kando yetu.

"Endesha pole pole, nyabo," trafiki aliniambia, akaenda kusimamisha lori ambalo halikuwa na kosa.

Sikuwasha injini. Nilikuwa na hasira, na ninaisema hasira kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nimekibeba kile kichupa kichwani mwangu msimu baada ya msimu. Nimesoma maboksi, nimekwaruza mwenyewe upande wa pili wa lile gari la mizigo ili mikwaruzo ifanane. Na maneno yenyewe, alipoyatoa, amempa kijana mwenye filimbi.

"Kwa hiyo ulitaka kumwambia yeye kwanza," nikasema.

Magari yalipita upande wangu na kututikisa.

"Kwake naweza kumaliza," alisema. "Kwako nimeanza mara nyingi. Sijafika mwisho hata siku moja."

"Anza tena."

"Hapa?"

"Hapa."

Akaanza. Aliacha Kiswahili, akasema kwa Kinubi, lugha ambayo hatuitumii kwa mambo ya ofisi wala ya hospitali, na akaanzia mbali kuliko nilivyojua: kabla ya kustaafu, kabla hajanitajia gari lolote. Daktari alikuwa ameshamweleza macho yatakwenda vipi na yatachukua muda gani, naye akakaa akahesabu ni kitu gani anataka kukiona kabla ya hapo. Alinitaja mimi, akakwama. Mimi nilikuwa nalia, naye alisikia, na nikaogopa kwamba ataishia hapo kama alivyoishia mara zote. Nikajifuta kwa mkono wa jaketi na kunyamaza kabisa. Akaendelea mpaka mwisho.

Kisha nikawasha injini.